Mganga wa Buswelu

Daktari aliponiamuru nitembee kila siku kwa ajili ya presha, hakunieleza kwamba huku Buswelu mtu mzima anayetembea bila kwenda mahali huhesabiwa kuwa ana ugonjwa mwingine. Wiki ya kwanza kila bodaboda ilisimama kunihurumia. "Mwalimu, panda. Unaenda wapi?" Nikijibu siendi popote, walinitazama kwa huzuni, kisha wakamwuliza mume wangu kama nyumbani kuna amani.

Basi nikaanza kurudi na kitu mkononi, angalau nionekane nilitumwa. Siku moja kichipukizi cha shubiri mwitu kutoka kwenye majabali, siku nyingine kipande cha mnyaa, au mbegu za mgagani. Nikavipanda mbele ya nyumba. Majirani zangu ni watu wa maendeleo, wana nyasi za kununua, na kiangazi nyasi hizo huoga kabla ya watoto. Mimi mimea yangu ilikuwapo hapa kabla ya mwenyekiti wa mtaa, wala haikuniomba hata ndoo moja. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Mtaa nao ukapiga hesabu. Mwalimu mstaafu, mwanamke, anapanda milimani peke yake asubuhi, anarudi na majani na mizizi. Usukumani hesabu hiyo ina jibu moja: nimekuwa mganga. Wa kwanza alikuja getini kutafuta dawa ya biashara. Wa pili alitaka mkwewe apende kazi. Miaka yote niliyofundisha sayansi hakuna mzazi aliyepanga foleni kuniona, na sasa nilikuwa na wateja kabla ya chai. Mume wangu alishauri tuweke benchi.

Ningecheka naye, ila nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na wenzangu hawakuwa wakicheka. Walikuja kuniona kwa upole ule wa watu waliokwisha kuamua: ning'oe bustani au niachie kiti. Nilikipenda kiti kile, sitadanganya. Niliahidi kung'oa Jumamosi.

Alhamisi mchana akaja binti mmoja anayeanika dagaa kule Mwaloni, Kirumba, amebeba mtoto mgongoni. Akaniamkia, nikaitika, nikaanza hotuba yangu ya kila siku kwamba haya ni maua tu. Hakusikiliza. Alimshusha mtoto akanipa. Mwili ulikuwa unawaka, shingo imelegea. Asubuhi, alisema, mtoto alikuwa amekakamaa na kutetemeka.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," nikamwambia.

"Ni degedege, mama. Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Mama mkwe amesema nianzie kwako."

Nikamweleza kwamba hiyo ni homa kali, huenda ni malaria, na kwamba sindano haiui. Nikaeleza mbu, nikaeleza damu, somo zima, kwa ufasaha ambao mkaguzi wa shule angeusifu. Binti akamchukua mtoto wake taratibu, akaanza kumfunga mgongoni. Alikuwa anakwenda kutafuta mganga anayejua kazi.

Niliogopa sana. Nikaingia bustanini, nikakata jani la shubiri, nikalifunga kwenye pindo la kanga yake kwa uso ambao hata mimi ningeuogopa. Nikamwambia degedege nimeshalifunga, sindano haiwezi tena kumdhuru mtoto huyu. Aende moja kwa moja hospitali, asiongee na mtu njiani, na lolote atakalosema nesi litendeke. Mume wangu, aliyekuwa barazani akisikia yote, aliwasha gari bila kuniuliza neno.

Jumamosi sikung'oa kitu. Jumamosi iliyofuata wenzangu walikuja kuchukua ufunguo wa kabati la kikundi, na mimi, kama mtu mwenye adabu zake, nikawapikia chai. Tulikuwa bado tunakunywa pale binti alipoingia getini. Mtoto alikuwa mgongoni, amechangamka, anatafuna ngumi yake. Binti alikuwa ameshika kuku.

"Nimekuletea shukrani, mama," akasema.

Wenzangu wakaweka vikombe chini. Ningeweza kumpokea kuku nikanyamaza, kiti kilikuwa kimekwenda tayari. Lakini niliwaza homa itakayofuata, na majani mengine yatakayotafutwa kwanza.

"Mwanangu, nilikudanganya," nikamwambia mbele ya wote. "Jani lile si dawa ya degedege. Waliomponya mtoto ni watu wa hospitali. Akiugua tena, usipite hapa."

"Najua, mama. Nesi alilitupa kabla hajamchoma sindano."

"Sasa mbona unanishukuru mimi?"

Akaniwekea kuku miguuni.

"Siku ile ulianza kwa kuniambia ukweli, mama," akasema, "na mimi nikawa naondoka."