Chuma Kilichopita Juu ya Mugoma

Sikuwa mtoto wa kuogopa giza wala nyoka. Nilichoogopa nikiwa darasa la tano ni somo la sayansi, na wanaonicheka leo hawakuwapo Mugoma, hapa Ngara, miaka ile ya wakimbizi.

Nyumbani tulikuwa wasichana wawili. Mimi nilizaliwa pale. Mwenzangu alikuwa mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya mto, Rwanda. Vita ilipopamba moto baba yake aliuawa, yeye na mama yake wakavuka na umati, na mama mdogo akafia kambini kwa kuhara. Mama alikwenda huko kwa miguu, akamchukua mtoto, akarudi naye kwa njia za mashambani. Tangu siku ile alikuwa dada yangu. Lugha yake na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo shuleni hakuna aliyeuliza sana. Lakini serikali ilitaka kila mkimbizi akae kambini, na tulijua kwamba wakija kumchukua hatutakuwa na la kusema. Hofu hiyo tulilala nayo na kuamka nayo.

Jambo jingine: kwetu watoto hawahesabiwi. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi, unamjibu wapo, Mungu amejalia. Ukitaja idadi, kifo kimesikia na kitakuja kupunguza. Mama aliishika mila hiyo kuliko rozari yake, na alikuwa Mkatoliki hasa.

Basi siku moja mwalimu wetu wa sayansi, kijana aliyependa kuchora, aliujaza ubao mzima. Alichora dunia mviringo kama chungwa, na mshale ukichomoka juu yake. Alisema binadamu alianza kwa kurusha mpira wa chuma, ukaizunguka dunia ukilia bip, bip. Darasa zima tukalia bip, bip mpaka akagonga meza. Kisha wakampandisha mbwa. Kisha mtu mmoja akaizunguka dunia mara moja na kurudi salama, na baadaye mwanamke naye akapanda. Hapo wasichana tulipiga makofi. Mwishowe wawili wakatembea juu ya mwezi, na wa tatu akabaki kwenye chombo, akiuzunguka mwezi peke yake na kuwangojea. Nilimhurumia sana huyo wa tatu.

"Na hivi sasa," mwalimu akaendelea, "viko vyuma vingi huko juu vinavyotuzunguka. Vinaipiga picha dunia. Hata mashamba yetu ya migomba yanaonekana. Jua likishazama, mkiona nyota inatembea taratibu, huenda ni kimojawapo."

Dada yangu aliacha kuandika. Nilipomgeukia nilimkuta anatazama mabati ya paa.

Jioni, jikoni, alimsimulia mama somo lote, hakuacha hata bip bip. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Kinahesabu watu?"

Tulitoka uani kutazama, na kweli nyota moja ikaja kutoka upande wa Rwanda, ikakatiza juu ya paa letu bila haraka, ikaelekea Biharamulo. Mama alitushika mikono sote wawili akatusukuma ndani.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na sheria. Sare moja tu ilianikwa nje. Ya pili ilikaushwa juu ya mafiga, na dada akaenda shule akinuka moshi. Kisimani alipita chini ya migomba. Kuota jua asubuhi tulipokezana, mmoja akitoka mwingine anaingia. Baba alisema huo ni upuuzi mtupu, lakini nilimwona akitupa jicho juu kabla ya kumwita dada amletee jembe. Leo nacheka. Wakati ule sikucheka, nilimkasirikia mwalimu kwa kutuletea hofu mpya kana kwamba tulizokuwa nazo hazitoshi.

Baadaye mama alimzuia dada kwenda shule kabisa. Mwalimu akaja kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

Aliposikia shida yenyewe, aliokota punje ya maharage akaenda kuiweka mwisho wa uwanja. "Unaiona, mama?"

"Siioni."

"Ndivyo tulivyo kwa kile chuma. Kinaona shamba, hakimwoni mtu."

"Leo hakimwoni. Si ulisema walianza na mpira unaolia, wakaishia mwezini?" Mama alimsogezea kikombe cha uji. "Na hizo picha anazitazama nani?"

"Waliokirusha."

"Ni watu?"

"Ni watu, mama."

"Basi, mwanangu. Mimi chuma sikiogopi."

Mwalimu alinywa uji. Ndipo dada yangu, ambaye mbele ya wageni hakuwa na kauli, akauliza waliotoka mwezini walipokelewaje. Mwalimu alisema walishukia baharini, wakaopolewa, kisha wakafungiwa kwa muda, maana watu waliogopa wasije wakawa wameleta ugonjwa.

"Walifungiwa na watu wa kwao?"

"Ndiyo. Lakini walifunguliwa."

"Na mbwa?"

Angeweza kumdanganya. "Mbwa hakurudi," alisema. "Walipompandisha hawakuwa wametengeneza njia ya kumrudisha."

"Ego," dada akasema, yaani ndiyo, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo tangu zamani.

Wakati huo ilishaanza kunong'onwa kwamba wakimbizi watarudishwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mwisho wa mwaka, karibu na Krismasi, likaja: wote warudi kwao. Barabara ilijaa watu, magodoro vichwani, askari kando kando.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji akaingia uani kwetu na mgambo wawili wasiotoka kwetu. Mama alitazama juu kwanza, ndipo akamwamkia. Sisi tulikuwa mlangoni. Dada alinishika kidole, si mkono, akakibana mpaka kikaniuma.

"Nimetumwa," mwenyekiti alisema huku akitazama viatu vyake, maana naye ni Mhangaza na aliona aibu. "Una watoto wangapi?"

"Wapo. Mungu amejalia."

"Mama, leo hilo halitoshi."

Nilijua mama anachotakiwa kukisema na nilijua kwa maoni yake kinagharimu nini. Ama dada aende zake barabarani, ama mmoja wetu afe.

"Wawili," alisema kwa sauti. "Nimezaa wawili."

Mwenyekiti alikuwapo siku mama alipoolewa, na alikuwapo nilipobatizwa peke yangu. Aliwageukia mgambo. "Hapa ni wawili. Twende."

Walipotoka, mama aliketi chini kwenye vumbi na kulia.

Dada alibaki. Ila tangu siku ile hakuna homa iliyokuwa ndogo kwa mama. Mmoja wetu akikohoa, alikaa kitandani pake hadi asubuhi. Hata tulipoolewa, mmoja hapa Ngara, mwingine Nemba kule Biharamulo, bado alituma watu kuuliza kama tuko hai, na kila Jumapili aliomba jambo moja, kwa sauti, bila kuona haya: watoto wake ndio wamzike, wote wawili.

Tulimzika mwaka juzi, mimi na dada yangu.