Chuma Kwenye Shimo la Mgomba

Jirani yetu hapa Bugolobi, mwanajeshi mstaafu aliyetegua mabomu kaskazini, huongea kwa sauti ya chini na hutazama pa kukanyaga hata kwenye saruji. Siku nilipokuwa nikichimba shimo la mgomba na jembe langu likagonga chuma kilicholiwa na kutu, nilimwita.

"Mama Raisa, toa watoto. Na wewe enda."

Nilimtazama kutoka mlangoni. Alilala kifudifudi, akaondoa udongo kwa vidole, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga. Kikajitokeza kijogoo cha chuma, kile cha kufungia kifuniko.

"Ni pasi ya mkaa tu, mama."

Watoto wakashangilia. Yeye aliketi palepale. Nilimletea chai, lakini mikono ilimtetemeka asiweze kushika kikombe. Nikamshikia mpaka akaimaliza.