Vikundi Vyote, Jibu Moja

Wanafunzi walimpa mwalimu wao wa hisabati jina la Mama Duara, na asubuhi ile Mama Duara alikuwa amevimba kwa hasira. Wewe fikiria tu: vikundi sita vimepima vitu sita, mara ndoo, mara sahani, mara gurudumu la baiskeli, halafu vyote vinaleta pai ya tatu nukta moja nne. Wapi na wapi? Kwa nyuzi za kufumia zinazovutika, na rula zilizolika ncha?

Nyuma ya darasa alikaa mkaguzi, kalamu mkononi. Pembeni yake makamu wa mkuu wa shule alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Huyo alishamwambia Mama Duara bila kupepesa macho: somo likiharibika mbele ya mgeni, darasa nalichukua mimi. Na hilo ndilo darasa alilolilea tangu halijui hata kushika bikari.

Mama Duara alichukua karatasi ya kikundi cha mbele.

"Mdomo wa ndoo yenu, mzingo themanini, kipenyo thelathini na moja. Haya, gawanyeni."

Msichana mwenye rula aligawanya, akainamisha kichwa. "Mbili nukta tano na ushee, mwalimu."

"Sasa hii tatu nukta moja nne imetoka wapi?"

Msichana alimtupia makamu jicho. "Jana tuliambiwa tuandike hivyo, tusikuaibishe."

Damu ilimchemka Mama Duara. Angeweza kujichekesha, mambo yakapita, mgeni akanywa chai yake akaenda zake. Lakini kumfundisha mtoto kusema amepima wakati hajapima? Mtu mzima, tena mwalimu, jamani! Alifuta ubao wote, vumbi la chaki likamjaa kwenye blauzi.

"Huu ni uongo mtupu. Pimeni upya. Zungusha uzi, usiuvute, weka alama, unyooshe kwenye rula, kisha gawanya kwa kipenyo."

Wakapima. Wengine walipata tatu nukta mbili, wengine tatu kasoro kidogo, wa gurudumu tatu nukta moja tatu. Akawaambia watafute wastani, na wastani ukasogea karibu zaidi.

"Mnaona? Pai mnaikaribia tu. Hamwandiki 'sawasawa na', mnaandika 'takribani'."

Mkaguzi hakungoja mwisho. Aliandika kwamba darasa halijui thamani ya pai, akaondoka na makamu wakinong'onezana.

Jumatatu makamu akalichukua darasa kweli. Siku chache baadaye Mama Duara aliingia wakati wa mapumziko kuchukua bikari yake ya ubaoni, roho bado inamuuma, akamkuta yule msichana peke yake na daftari la zoezi.

"Umepata ngapi, mwanangu?"

"Tatu nukta moja nne, mwalimu."

"Umepima nini?"

Msichana alimwangalia kama ameulizwa jambo la ajabu.

"Siku hizi hatupimi."