Mlango wa Agra Kule Brampton

Mume wangu alikuwa fundi wa marumaru Tanga kwa miaka kumi na tisa, na Toronto akawa mtu wa kufagia. Ninalisema wazi tangu mwanzo, maana ni tabia yangu ya kuzungukazunguka katika maneno iliyotaka kumfanya afagie mpaka uzeeni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulipanga besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya watu, mtaa wa Malvern, sisi wawili na watoto watatu, na kila alikokwenda kuomba kazi aliulizwa uzoefu wake wa Kanada, kana kwamba mawe ya huku yamezaliwa na mama mwingine. Mwishowe mzee mmoja Mtaliano, mwenye karakana ya mawe huko viwandani Scarborough, akamchukua azoe vumbi na tope la msumeno. Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha salamu na vipimo. Mimi nilisomeshwa na masista, kwa hiyo nikawa mdomo wake. Kila saa kumi jioni nilimpitia na gari, na kama alikuwa na neno la kumwambia mzee, nililisema mimi.

Mwezi Machi karakana ikapata kazi ya ukumbi wa harusi Brampton, mji jirani. Mwenye ukumbi alitaka mlango wake mkuu ufanane na mlango wa Taj Mahal: marumaru nyeupe, na kuuzunguka ukanda wa herufi za jiwe jeusi zilizochongwa na kuchomekwa ndani ya marumaru. Maneno ya kuwakaribisha wageni yapande upande wa kulia, yapite juu, yateremke kushoto. Mlango ulikuwa na urefu wa watu watatu wakisimamiana mabegani.

Sasa, kama kuna mtu katika mji ule wote aliyekuwa na la kusema juu ya Taj Mahal, ni yule aliyekuwa akifagia chini ya meza. Wazee wetu walitoka Gujarati, na mume wangu akiwa kijana alitumwa huko kuhudhuria harusi ya binamu yake. Akaomba siku mbili aende Agra kutazama. Akakaa siku tisa. Harusi ikampita, na binamu hajamsamehe hadi leo. Alirudi Tanga na daftari la shule lililojaa michoro na vipimo. Wenzangu wakiposwa waliletewa manukato. Mimi nililetewa daftari lile, nikafunuliwa ukurasa mmoja mmoja, mama yangu amekaa pembeni anapiga miayo.

Ndivyo nilivyojua kwamba mfalme alilijenga kaburi lile kwa ajili ya mkewe aliyefariki akijifungua mtoto wa kumi na nne, na kwamba kazi ilichukua miaka ishirini na zaidi. Ndani ni matofali, marumaru ni vazi la nje tu, nayo ilivutwa kwa mikokoteni kutoka machimbo ya mbali. Kwa kuwa ni kando ya mto, mafundi walichimba visima vingi wakavijaza mawe na chokaa, kaburi likakaa juu yake bila kuzama. Ile minara minne imeinama nje kidogo sana, ili ardhi ikitetemeka ianguke mbali na kuba. Upande mmoja kuna msikiti, na upande wa pili jengo jingine lililo sawa nao, ambalo halikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuweka mizani. Watu wa huko huliita jibu. Kila kitu kina mwenzake. Kilichovunja mizani ni kaburi la mfalme mwenyewe, lililoongezwa baadaye ubavuni mwa mkewe, na mume wangu alilichukia kosa hilo kana kwamba amelifanya yeye.

Lakini ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa herufi. Kuzunguka mlango wa kaburi kuna aya zimechomekwa kwa jiwe jeusi, na ukisimama chini zote zinaonekana za ukubwa mmoja toka nchani hadi sakafuni. Sivyo. Fundi aliziongeza ukubwa kadiri zinavyopanda, kwa sababu jicho la mtu aliye chini huvipunguza vilivyo mbali. Alilidanganya jicho ili liuone ukweli. Hayo ni maneno ya mume wangu, na alinitamkia siku ya posa kwa sauti ambayo wanaume wengine huiweka kwa mambo mengine.

Basi jioni moja nikamkuta karakanani amesimama juu ya zile herufi za Brampton. Zilikuwa zimekatwa kwa mashine, zimepangwa sakafuni, zote kipimo kimoja.

"Mama watoto," akaniambia, "mwambie mzee, zikisimama za juu zitaonekana zimenyauka. Kazi imeharibika. Azikate upya."

Nikamtazama mzee. Ana mvi nyingi kuliko baba yangu. Ndiye pekee aliyetupa kazi. Wanawe wawili wamesimama hapo hapo. Kwetu Tanga humwambii mtu wa namna hiyo, mbele ya wanawe, kwamba kazi yake imeharibika. Unaanza na salamu, unaulizia afya, unaisifu kazi, halafu unaacha kimya kidogo, na mwenye akili atauliza mwenyewe, "Kuna nini?" Nikafanya hivyo hivyo. Nikamwambia mzee kazi ni nzuri sana, mume wangu hajaona marumaru nyeupe namna hii tangu Agra, na Mungu akipenda herufi zitasimama vizuri huko juu. Nikaweka kimya changu. Mzee akacheka, akampiga mume wangu begani, akarudi ofisini.

"Amesemaje?"

"Amesikia," nikasema.

Wiki iliyofuata mume wangu akanituma tena, safari hii kwa hasira. Nikazunguka tena. Nikasifu mpaka gundi. Mzee akacheka tena, akashukuru, akasema Alhamisi wanaanza kuzichomeka, na jiwe likishachomekwa halitoki bila kuvunjika.

Ilikuwa Jumatatu, na usiku haukuwa umeingia bado tulipofika nyumbani. Mume wangu akateremsha kutoka juu ya kabati tindo zake nane za kuchongea mawe, zile alizozibeba kutoka Tanga ndani ya mzigo wa mkononi, akaziweka mezani.

"Tafuta mtu wa kumpa," akasema. "Nimemwambia mara mbili, amecheka mara mbili. Mimi ni mfagizi. Tusidanganyane."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepumua. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, kwa sababu mzee hakumcheka. Mzee hakuwahi kuambiwa lolote. Nikamweleza mume wangu yote, neno kwa neno, pamoja na sifa za gundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo hajakataa." Akaagiza watoto walete makasha yote ya katoni yaliyokuwa stoo, na mkasi.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini kwangu. Tulifika karakanani saa nne asubuhi na mizigo ya katoni chini ya kwapa. Nikamwendea mzee. Sikumuulizia afya.

"Mume wangu anasema herufi zako si sahihi," nikamwambia. "Zikisimama zitaonekana zinapungua kwenda juu. Alikwambia mara mbili, mimi nikakuficha. Kosa ni langu. Lakini herufi ni zako."

Wanawe walicheka. Mzee hakucheka. Alisema amekata mawe tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Akasema pia, na alikuwa na haki, kwamba mimi mwenyewe nilimwambia kazi ni nzuri sana. Nikamwambia kwetu ile ndiyo namna ya kusema si nzuri. Akanitazama kwa muda, nadhani akihesabu ni mara ngapi nimemsifu.

"Mwambie mzee anipe kreni," mume wangu akasema nyuma yangu.

Walimpa. Alining'iniza kanda mbili za katoni kutoka juu karibu na paa hadi chini, zenye herufi alizozikata yeye na watoto usiku uliopita. Akamwomba mzee asimame mahali mgeni wa harusi angesimama, aonyeshe ni ukanda upi wenye herufi za ukubwa mmoja.

Mzee aliangalia. Alisogea kulia, akasogea kushoto, akavua miwani, akaivaa. Karakana yote ilizima misumeno. Kama jicho lake lingekataa kudanganyika, hapakuwa na karakana nyingine, na tindo zile zingekwenda kwa mtu.

"Huu," mzee akasema, akaonyesha wa kushoto. "Huu ndio sawa. Ule mwingine umekatwa vibaya."

Mume wangu akauteremsha ule wa kushoto. Akachukua herufi ya juu kabisa, akailaza juu ya ile ya chini. Ya juu iliizidi kwa vidole vitatu kila upande. Mzee akatoa futikamba yake mfukoni, akapima. Akaenda kwenye ule mwingine, aliosema umekatwa vibaya, akapima pia. Zote kipimo kimoja. Alipiga magoti pale kwenye vumbi, mtu wa umri ule, akapima herufi zote upya, moja moja.

Alipoinuka hakuongea na mimi. Alimpa mume wangu ile futikamba, akamshika mkono, akampeleka kwenye meza ya kuchongea iliyokuwa dirishani, meza yake mwenyewe. Mimi nilibaki katikati ya karakana nikilia na kucheka, na sikuwa na haja ya kuficha lolote.

Herufi za jiwe zilichukua wiki saba kukatwa upya. Mwezi Juni tulialikwa kwenye ufunguzi wa ukumbi. Mume wangu alivaa suti ya harusi yetu, ikambana tumboni, akakataa kwenda kukaa. Alisimama nje mbele ya mlango, wageni wakimpita. Mama mmoja aliyevaa sari ya kijani akasimama karibu nasi, akainua uso, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza atazame herufi zile, zilivyo sawasawa kutoka chini hadi juu, hakuna hata moja iliyoizidi nyingine.

Nikamgeukia mume wangu nimtafsirie. Akanishika mkono.

"Hilo nimelisikia mwenyewe, mama watoto," akasema.

Pilau iliisha, hotuba zikaisha, na bado alikuwa pale nje, akisikiliza kila anayeingia. Sikumwita.