Rimoti Iliyotiwa Mafuta ya Cherehani

Bi Pindo hakuwa amelewa. Wanaosema "lisemwalo lipo" na kuapa kwamba walimwona akilibusu gari lake barabarani, wangeuliza kwanza kilichomsibu.

Kilichomsibu ni gauni la harusi. Alilishona mwenyewe, fundi mwana wa fundi, akalilaza kiti cha nyuma, akafunga milango kwa rimoti, akarudi dukani kuchukua shela. Alipotoka, gari likawa bubu. Alibonyeza mpaka kidole kikauma. Bibi harusi alikuwa kwao na khanga kifuani, anasubiri, na jina la duka zima lilining'inia kwenye gauni lile.

Alikuwa amesikia kwamba rimoti iliyochoka ikiwekwa kidevuni husikika mbali zaidi. Basi akaibana kidevuni, akalizunguka gari mdomo wazi, akiinamia kila mlango. Busu lenyewe ndilo hilo.

Wifi yake, mjane wa kaka yake, akatoka dukani kumsaidia. Akaipokea rimoti, ikamteleza mkononi.

"Wifi, umeifanya nini hii?"

"Nimeitia mafuta asubuhi, pamoja na vyerehani," akajibu Bi Pindo. "Nimeifungua nikaona vichuma vyake vikavu, nikavihurumia."

"Hiyo si cherehani, wifi."

"Mashine ni mashine."

Wifi alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Wakashikana mabega, machozi yakawatoka, huku simu ya mama wa bibi harusi ikiita bila kupokelewa.

Mwishowe wifi akabonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa rimoti, akachomoa ufunguo wa chuma. Bi Pindo alikuwa ametembea nao miaka yote asijue kama umo. Mlango ukafunguka, na king'ora nacho kikaanza kulia, mtaa mzima ukatoka nje. Wakaipasua rimoti kwa ncha ya mkasi, wakakifuta kila kichuma kwa kitambaa na spiriti ya kuondolea madoa, wakaiacha ikauke, wakarudisha betri ile ya duara, alama ya kujumlisha ikitazama ilikokuwa ikitazama. Bi Pindo akabonyeza. King'ora kikanyamaza.

Gauni lilifika, na bibi harusi aliingia ukumbini kabla wageni hawajaanza kunong'ona.

Sasa wanauliza kama ni kweli wanawake wawili wazima, mmoja wao msomi na mjane, walicheza katikati ya barabara king'ora kiliponyamaza. Hilo ni la ukoo. Halijibiwi.