Ufuko Nilioukana

Nilirudi Rumonge vita vikiwa bado vinaendelea, nikiwa na diploma ya ualimu niliyoilipia mwenyewe kwa kubeba matofali Kigoma. Sikuificha. Niliitia kwenye plastiki nikaitundika sebuleni, mgeni aione kabla hajapewa kiti. Basi tarafa ilipounda kamati ya njia ya maji, kilichonishangaza ni kwamba walianza kumfuata mtu mwingine kabla ya kuniingiza mimi.

Zamani mitumbwi ilitoka Nyanza-Lac hadi Bujumbura ikitua kituo kwa kituo. Kamati ilitaka kuchagua vituo vichache na kila kimoja kisimamishiwe kibao chenye maelezo, ili amani ikirudi wageni wapite wakisoma. Katika mkutano wa kwanza nilisema kituo kimoja hakina mjadala: ufuko wa kusini mwa mji. Hapo ndipo mama alipopanda mtumbwi nikiwa mgongoni mwake, tukikimbilia Tanzania, na hapo baba alibaki akiusukuma majini, asionekane tena.

"Kibao hicho nitakiandika kwa mkono wangu," nikasema.

Mama, niliyekuwa nimerudi naye, aliposikia, alifua kitenge chake cha sikukuu.

Asubuhi ya kuukagua ufuko huo niliwatangulia wanakamati wenzangu. Wanawake walikuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale pale maji yanapofika, kwenye mchanga uliolowa. Mimi nimelelewa na ndagala. Huanikwa juu, penye mchanga mkavu.

"Amahoro, mama zangu. Hizo zitaoza. Nani aliwafundisha?"

"Ee, mumuangalie Diplome!" akasema mmoja, mnene, mikono imejaa magamba. "Kwenu Kigoma ndagala wanakausha na kalamu?"

Wakacheka.

"Pita huko juu, sha. Hapa iko kazi."

Sikupita. Niliinama kuwaonyesha, nikasogeza ndagala kwa kiganja. Chini yake palikuwa na mfereji mbichi wa mtumbwi uliosukumwa majini, na kando yake nyayo, kubwa na ndogo, zote zikielekea ziwani.

Kicheko kikakatika. Yule mnene akachuchumaa karibu nami, akazirudisha ndagala mahali pake.

"Watu wa jana," akasema chini chini. "Na leo wako wengine."

Kuvuka kulikuwa kumekatazwa. Aliyekamatwa akivuka alihesabiwa kuwa mwasi, na aliyemficha vilevile. Na tayari mkuu wa tarafa alikuwa akiteremka kutoka barabarani, wanakamati na askari wake nyuma.

"Mwalimu!" akaniita kwa mbali. "Ndipo hapa?"

Wanawake waliendelea kutandaza ndagala. Hakuna aliyeinua macho.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. Nikapanda kumlaki ili asishuke zaidi. "Nimekosea. Nilikuwa mtoto mchanga, nimechanganya. Hapa hapana historia yoyote."

"Kumbe! Na ile diploma?"

Askari wakacheka. Nyuma yangu yule mwanamke akacheka kuwapita wote, akijipiga mapaja: "Mheshimiwa, huyu anatufundisha kuanika ndagala, na ufuko wa kwao haujui!"

Alikuwa akiniokoa, nami nilielewa. Hata hivyo masikio yaliniwaka moto. Walirudi juu bila kukanyaga mchanga wa chini, na njia nzima mkuu aliniuliza kama Kigoma walinifundisha kutofautisha ziwa na mto.

Kibao kilisimamishwa upande mwingine wa mji, kwenye ghala la zamani la mawese. Niliandika mimi: mambo ya wafanyabiashara, mizigo, bei za zamani. Mama alikuja na kitenge chake. Hajui kusoma, kwa hiyo aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Nilipomaliza, akabaki amenitazama mdomo, akingoja.

"Na baba yako?"

"Hayumo, mama."

"Lakini hapa sisi hatukupita," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo. "Tulipita kule kusini, kule wanakoanika..."

Mkuu wa tarafa akageuka. Askari pia.

Nikamshika mama bega, nikacheka kidogo. "Mnisamehe," nikawaambia. "Mama amezeeka. Anasahau."

Watu wakacheka kwa huruma, kama watu wanavyomchekea bibi. Mama alikaza fundo la kitenge, akalitoa bega lake mkononi mwangu, akashika njia ya nyumbani peke yake. Mimi nikabaki penye kibao, nikipokea pongezi.