Mkimbiaji Hewa wa Kituo cha Tatu

Uani kwetu Kensington hakuna nafasi ya kukimbia. Kuna tangi la maji, kamba ya nguo, na ukuta ambao nyuma yake anaishi mbwa mwenye roho mbaya. Kwa hiyo besiboli yetu, ya rungu la plastiki na mpira mwepesi wenye matundu, vilivyonunuliwa kwa mchuuzi wa kwenye roboti, kama wanavyoita huku taa za barabarani, haina mbio. Sheria nimetunga mimi, na asiyezitaka akacheze kwao. Mpira ukipita kamba ya nguo, umefika kituo cha kwanza. Ukigonga tangi, cha pili. Ukigonga ukuta, cha tatu. Ukivuka ukuta umetoka, na mpira kaufuate mwenyewe kwa mbwa. Ukidakwa umetoka, ukikosa mara tatu umetoka, na mpira uliotoka nje ya mstari wa chaki hauhesabiwi.

Vituo ni ndoo tatu zilizopinduliwa. Ukipiga, wewe unakaa zako. Kwenye ndoo anasimama mkimbiaji hewa, kama wale watumishi hewa wa kwetu Tanzania wanaokula mshahara bila mtu kuwaona. Akiwa kituo cha tatu, anayefuata akipiga vizuri, yule hewa anaingia nyumbani na pointi inahesabiwa.

Mama yangu alipotutembelea kutoka Tanga, mchezo ndio kwanza ulikuwa umepamba moto. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza. Mama Kiingereza hana. Basi wakawa wanapishana koridoni kama wapangaji.

"Mjukuu wangu ananionea haya au ananidharau?" mama aliniuliza.

Iliniuma. Nilimfokea mtoto, na kufoka hakukumfungua mdomo. Mama alikuwa anaondoka Jumapili, na kwa magoti yale nilijua hapandi ndege tena. Angerudi Tanga bila kusikia hata neno moja la mjukuu wake.

Jumapili asubuhi, mizigo ikiwa mlangoni, jirani yetu Mkenya, mtu wa benki asiyekosa mchezo, akamwita mama kama wanavyowaita bibi zao: "Shosho, kuja upige moja kabla uende."

Mama akakaza kanga kiunoni, akashika rungu. Jirani akarusha. Mama akauinamia mpira, ukampita juu ya kilemba, naye akainua mikono kwa ushindi. Mpira wa pili akaupisha kwa kiuno.

"Hanigusi ng'o!" akatangaza.

Haki ya nani, mama alikuwa anacheza rede, ule mchezo wa wasichana wa kwetu: unarushiwa mpira, ukikugusa umetoka, anayejua kukwepa ndiye bingwa. Amekosa mara mbili, amebakiza moja, na anajiona anaongoza. Jirani hakujua afanye nini. Nami nilikuwa nacheka, siwezi kusema.

"Bibi, usikwepe!" Sauti ilitoka kando ya tangi, ya binti yangu. "Piga! Ukikosa tena umetoka!"

Mama akageuka. "Alaa! Kumbe mdomo unao?"

"Piga, Bibi! Piga kwa nguvu!"

Akapiga. Mpira ukaenda moja kwa moja ukutani. Kituo cha tatu. Mtoto akamrukia bibi yake, nusura amwangushe. Hapo hapo gari la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi, na mchezo ukaishia hapo.

"Nilindieni pale pangu," mama alisema, akiionyesha ndoo ya tatu.

Jumamosi iliyofuata nilitaka tuanze upya. Binti akakataa katakata, kwa Kiswahili: "Bibi yuko kituo cha tatu." Haya. Jirani akashika rungu, nikarusha, akaupiga mpira safi kabisa. Tangi likalia, mbwa akabweka. Kwa sheria yangu mwenyewe mama alikuwa ameingia nyumbani, na ndoo ya tatu imebaki tupu. Binti akaniangalia.

"Nje ya mstari," nikasema. "Hauhesabiwi."

"Aki, mama!" binti akanijia juu. "Si umegonga tangi? Hata mbwa amesikia!"

"Sheria ametunga nani? Rudia."

Jioni mama akapiga simu. Siku hizi hasalimiani na mimi kwanza, anamtaka mjukuu wake. Akamuuliza kama mkimbiaji wake ameshafika nyumbani.

"Bado, Bibi," binti akamjibu. "Mama amekataa."